Nafasi ya Yonathani

Kaka yangu Lusubilo yuko hai, na duka lake la spea za malori lipo Tunduma mpaka leo. Nasema hivyo mapema ili usidhani nasimulia habari za marehemu. Mwenyewe hapendi kuyazungumza haya. Kaniachia mimi, Dina, mdogo wake wa tumbo moja, kwa sababu karibu yote nilikuwepo, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kwa masikio yangu.

Lusubilo ni mtu wa muziki. Si ule wa kupigwa kwa nguvu hadi mabati yatetemeke, huo Tunduma umejaa kila kona. Yeye anapenda kusikiliza. Kutwa yuko kando ya barabara kuu, honi na injini zikimpigia kelele masikioni, madereva kutoka Zambia wakimsalimia "mulishani, bosi" kisha wakibishana naye juu ya bei za breki kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiingereza. Akirudi nyumbani anataka kimya. Alijenga chumba kidogo nyuma ya nyumba, kuta nene, dirisha moja, akazungushia mapazia mazito, na nyuma ya mapazia akapanga magodoro. Ndani kulikuwa na kiti, kompyuta, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Ukifunga mlango wa chumba kile, mpaka wa Zambia na malori yake yote vinazimika.

Nyimbo alizinunua mtandaoni, kwenye maduka ya ng'ambo yanayouza muziki wa ubora wa juu. Unalipa kwa kadi, unapakua. Faili moja tu linaweza kumeza bando la mtu mzima. Nilimuuliza kwa nini anajitesa wakati nyimbo ziko bure kwenye simu. Akanikalisha kwenye kile kiti, akanipigia kipande kimoja cha gitaa mara mbili, kwanza faili jepesi, halafu zito. Kwenye lile jepesi nilisikia gitaa. Kwenye zito nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya, kigoda cha mpigaji kikilia chini yake, na gari likipita mbali, nje ya jengo alimokuwa. Akanieleza kuwa faili jepesi hupunguzwa uzito kwa kutupa vile visauti vidogo ambavyo watu wengi hawavitambui.

"Mimi nanunua vile vilivyotupwa," alisema.

Wakati huo mkewe, wifi yangu Atupele, alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yao ya kwanza, baada ya kungoja mpaka watu wakaanza kunong'ona. Lusubilo, ambaye kanisani aliimba sauti ya tatu na watu walikuja ibadani kwa ajili yake, alikuwa anainama kila jioni kumwimbia mtoto tumboni. Jina walishapanga. Awe wa kike, awe wa kiume, ataitwa Gwakisa.

Jumamosi moja, msimu wa kuvuna mahindi, nilipita dukani kwake nikitoka sokoni. Nilimkuta ameinamia kompyuta, mteja kasimama hamwoni. Alikuwa amepata kitu. Mzungu mmoja, miaka michache kabla ya Uhuru, alipita milimani na mashine ya kurekodia, akarekodi kwaya za makanisa ya vijijini. Kanda zake zikakaa ghalani Ulaya miaka yote. Sasa kuna duka lilikuwa limezihamisha kwenye mafaili ya ubora wa juu, linaziuza. Na kwaya mojawapo ilikuwa ya kijiji cha babu yetu, juu kabisa Ileje.

Hapo lazima nieleze habari za babu. Aliitwa Yonathani. Alishuka kutoka Ileje akiwa kijana, akahamia Itaka, akalima kahawa kati ya Wanyiha mpaka akazikwa huko. Babu hakuimba. Kanisani alisimama na wenzake, kitabu kakishika, mdomo kaufunga. Kwaya ikianza msibani yeye alitoka nje akaenda kusimama kwenye mibuni. Hata mluzi hakupiga. Sisi wajukuu tukiimba ndani alituambia kwa upole tukaimbie nje, na mlango akaufunga. Tulidhani hana sauti. Ni siku ya maziko yake ndipo mzee mmoja wa Kindali, wa kwao Ileje, alipotuambia kwamba Yonathani, ujanani, alikuwa na sauti ambayo ikipanda, watu wa kilima cha pili waliacha jembe.

Kwa hiyo Lusubilo alitaka kuisikia. Ni hivyo tu. Alilipa, faili likashuka taratibu mchana kutwa kwa sababu ya mtandao, na Jumapili baada ya ibada akaniita.

Nje jua lilikuwa kali. Ndani ya chumba tulikuwa watatu, Atupele kwenye kiti, mimi na kaka chini kwenye zulia. Kwaya ilipoanza nilipata baridi ya furaha mikononi. Watu waliimba kama wako nyuma ya pazia. Ungeweza kuonyesha kwa kidole alipo mama mwenye sauti nene, alipo binti mwenye sauti ya kioo. Kuku alipita nje ya kanisa, analia. Kuku aliyekufa kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Wimbo wa pili ukaisha. Kukawa kimya. Kisha kijiti kikagonga ubao, na mwanamume akaita, si kwa sauti kubwa.

"Yonathani."

Tukatazamana. Kimya. Mtu akasogeza mguu sakafuni.

"Yonathani."

Hakuna aliyeitika. Wimbo wa tatu ukaanza, na sasa hata mimi nisiyejua kuimba nililisikia pengo, ambalo kwenye nyimbo mbili za kwanza lilikuwa limenipita. Juu wanawake, chini besi, katikati hakuna mtu. Nyimbo zote zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo, kama meno yaliyokosa jino moja la mbele. Lusubilo alitokwa machozi. Babu hakuwepo siku ile, alisema, lakini angalau tumesikia anavyotafutwa. Akajaribu lile faili jepesi la kuonjea ambalo duka hutoa bure. Pale katikati ya wimbo wa pili na wa tatu hapakuwa na kijiti wala mtu. Palikuwa na kimya kilichokatwa kwa kisu.

Baada ya hapo alisikiliza faili lile kila siku. Atupele alilalamika kwangu kwamba mumewe ameacha kumwimbia mtoto, akitoka dukani anaingia chumbani moja kwa moja. Nikamwambia ni mapenzi kwa babu, yatapoa.

Adhuhuri moja Lusubilo alikuja kwenye kibanda changu cha vitenge. Alikuwa ameliacha duka wazi. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alinieleza kwa kunong'ona, kana kwamba wateja wangu walikuwa na haja ya kusikia, kwamba pale kwenye pengo jina limebadilika. Sasa anaitwa yeye. Alishamwambia Atupele, na Atupele akamjibu kwamba hilo ni neno la kwenye wimbo tu, si "lusubilo" kwa lugha yetu ni tumaini, na wimbo gani wa kanisa hauna tumaini ndani yake?

Nilifunga kibanda tukaenda. Mchana mweupe. Atupele alikuwa kazini, anafundisha chekechea. Lusubilo akafunga mlango wa chumba, kelele za mpakani zikazimika, akapiga faili kuanzia mwisho wa wimbo wa pili.

Kimya. Kijiti kikagonga ubao.

"Lusubilo."

Haikuwa ndani ya wimbo. Ilikuwa sauti ile ile, mtu yule yule, subira ile ile ya mwalimu anayeita mahudhurio. Nilimshika kaka mkono. Nilitaka kumwambia azime. Yeye alikuwa ameshageuka kuitazama spika ya kushoto, na uso wake ulikuwa na kicheko kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka kuonyesha kwamba haogopi.

"Nipo," akasema.

Ndipo nikasikia mbao zikilia. Moja, halafu nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Ni mlio ninaoujua, sote tunaujua, kila Jumapili tunausikia. Watu walikuwa wanasogea kwenye benchi. Walikuwa wanampisha mtu akae.

Lusubilo alizima. Akacheka, sasa kwa nguvu, akasema kanda za zamani zina mambo. Tukaenda kula kwa mama ntilie jirani na duka lake. Alimaliza sahani yake yote. Alikuwa anakohoa kidogo.

Kesho yake sauti ilikuwa imekwaruza. Akanywa tangawizi na asali. Kabla juma halijaisha alikuwa anaongea kwa upepo tu, na Jumapili iliyofuata hata upepo haukuwepo. Alisimama na wenzake wa kwaya, joho kavaa, mdomo kaufunga, nami nikiwa benchi la nyuma nilimwona babu kasimama pale.

Tulimpeleka Mbeya hospitali. Daktari aliingiza kamera kooni, akatuonyesha kwenye kioo kwamba kila kitu ni kizima. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Akasema tumpe muda, wakati mwingine ni mawazo. Lusubilo alikuwa anaandika kwenye simu yake na kutuonyesha. Njia nzima ya kurudi aliandika mara moja tu. Alitaka kujua kama mtoto tumboni anasikia anapomshika mama yake bila kusema.

Siku chache baadaye Atupele alikuja kwangu asubuhi, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, na tumbo lile. Alikuwa ametembea kutoka kwake bila kujua kwamba hajavaa viatu. Nilimkalisha. Nikampa maji akanywa. Kisha akaniambia kwamba aliingia chumbani kufagia, akaamua kuisikiliza kwaya peke yake, ili ajue inamfanya nini mumewe.

"Yumo," alinong'ona. "Wifi, Lusubilo yumo."

Nilikwenda. Kaka yangu alikuwa barazani anamenya muwa, akaniinulia mkono kunisalimu. Nilimpita nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapiga wimbo wa tatu.

Pengo halikuwepo tena. Nilimjua kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Lusubilo ana namna yake ya kupanda, anachelewa kidogo kama mtu anayepima ngazi kwa mguu, halafu anapanda yote kwa mara moja. Alikuwa katikati ya watu wale, anaimba kwa Kindali cha zamani, maneno ambayo hayajui. Aliimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Nilifungua mlango. Barazani alikuwa bado anamenya muwa, na ndani alikuwa anaimba.

Tulikubaliana mimi na Atupele kwamba majibu, kama yapo, yako Ileje. Yeye hakuweza kusafiri kwa hali ile. Mimi na kaka tulipanda gari hadi Itumba, kisha pikipiki, kisha miguu. Kanisa la zamani limebaki kuta, mahindi yameota ndani yake. Tulipouliza kuhusu kwaya ya enzi zile, watu wakatuelekeza kwa bibi mmoja, Gwalugano, ambaye ndiye pekee aliyesalia.

Alikuwa anapepeta maharage. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba kwa mnong'ono, nami nikadhani kuna mgonjwa amelala ndani. Nikashusha sauti yangu pia. Nilimwambia sisi ni wajukuu wa Yonathani, na kwamba nyimbo za kwaya yao tunazo kwenye kompyuta. Aliacha ungo. Alimtazama Lusubilo mdomoni, si machoni, kisha akatukaribisha ndani na kufunga mlango, ingawa ilikuwa asubuhi na hapakuwa na mtu uwanjani.

Alitueleza kwamba kwaya yao iliongozwa na mtu aliyeitwa Yesaya, na Yesaya hakupenda kukosa mtu. Binti akiolewa kijiji kingine, kijana akienda kutafuta kazi migodini, yeye alilia kama aliyefiwa. Mwaka mmoja alivuka mto akaenda upande wa pili, Malawi, akarudi na kibuyu. Kila mwimbaji aliambiwa aimbe jina lake ndani ya kibuyu kile, mara moja tu, ili kwaya isivunjike kamwe. Walikuwa vijana, wakaona ni mchezo. Wote waliimba, hata Yonathani. Kibuyu kikafukiwa chini ya benchi lao. Tangu siku ile aliyehama na kuimba kwingine alipoteza sauti.

Yonathani aliogopa. Asubuhi ambayo mzungu alikuja na mashine yake, yeye alikimbia. Yesaya akamwita, pale pale mbele ya mashine, mara mbili, na alipoona haitikiwi, hakukasirika. Aliwaambia wenzake kwamba kile chombo cha mzungu ni kibuyu kingine, tena ni kizuri kuliko chake. Yonathani akiimba popote duniani, atasikika. Asipoimba yeye, ataimba atokaye kwake.

"Babu yenu hakuimba?" bibi aliuliza.

Nikamwambia hakuimba mpaka anakufa. Akatikisa kichwa taratibu. Nikamuuliza kama kuna mgonjwa ndani, maana tulikuwa tunanong'ona muda wote. Gwalugano akaniangalia kama mtoto asiyeelewa.

"Sauti yangu si mnayo ninyi huko kwenye mashine yenu?" alisema. "Nilikuwa pembeni, karibu na mlango. Ninasikika?"

Yule binti mwenye sauti ya kioo. Nikamwambia anasikika, tena vizuri sana. Alishika shavu, akatabasamu, akafuta macho na ncha ya kitenge. Kisha akatueleza la kufanya. Tumwite Lusubilo mle ndani, kwenye lile pengo, kabla Yesaya hajaita. Tumwite kwa alivyo kwetu. Alinishika kiwiko alipokuwa anasema la mwisho, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Msitaje jina. Hata moja. Jina wakilipata, hawaliachi."

Tulirudi Tunduma. Nilimweleza Atupele kila kitu, nikalirudia lile la jina mpaka akaniambia nimechosha. Asubuhi iliyofuata, watu wakiwa makazini, tuliingia chumbani. Lusubilo alikaa kwenye kiti. Mimi kulia, Atupele kushoto, mkono mmoja kwenye bega la mumewe, mwingine tumboni. Nikapiga mwisho wa wimbo wa pili.

Wimbo ukaisha. Kimya.

"Kaka," nikasema. "Toka. Turudi nyumbani."

Hakuna kitu. Nilisikia mtu akikohoa kwa mbali, upande wa besi. Kijiti kikagonga ubao. Lusubilo alikuwa anatoka jasho, ametumbua macho kwenye spika.

"Kaka. Twende."

Mbao zikalia. Mtu mmoja alikuwa ameinuka kwenye benchi. Kijiti kikagonga tena, na safari hii hakikugonga mbali. Kiligonga kati ya spika mbili, mbele ya magoti yetu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mume wangu," Atupele alisema.  "Mume wangu, njoo."

Wakaanza kuvumisha sauti, midomo imefungwa, wanawake kwanza. Wimbo wa tatu ulikuwa unakuja. Nilimwona kaka yangu akifungua mdomo kuungana nao. Atupele alimwona pia. Akamshika shati kwa mikono miwili.

"Baba Gwakisa," akalia. "Baba Gwakisa, usituache."

Mvumo ukakatika. Kijiti kikaanguka sakafuni, nikakisikia kikibiringika. Lusubilo alikohoa, akakohoa tena, akainamisha kichwa kati ya magoti, na kutoka huko chini tukasikia sauti yake, nzito, ya kawaida, ikisema ana kiu.

Atupele alipiga magoti akamkumbatia miguu, akicheka na kulia kwa pamoja. Hakusikia kilichofuata. Mimi nilisikia, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe, sijakibonyeza bado. Ndani ya spika mwanamume alikuwa anatamka neno polepole, kama mtu anayejifunza jina geni ili asije akalisahau.

"Gwa-ki-sa."

Nikazima.

Tulifuta faili. Lusubilo aliliondoa kwenye kompyuta, akafunga akaunti yake kwenye lile duka la ng'ambo, akauza spika kwa mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia. Chumba sasa ni stoo ya matairi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na nilipowaambia nilichosikia wakampa jina la Jenista, jina la mama yake Atupele. Lile jina la kwanza halijatamkwa nyumbani mle tena. Nami ninaliandika hapa kwa mara ya mwisho.

Lusubilo amerudi kwenye kwaya. Anaimba. Ukimkuta dukani anaongea, anacheka, anabishana na madereva kama zamani. Lakini wateja wa mbali ndio walioanza kulalamika kwamba amewatumia ujumbe wa sauti usio na kitu. Akipiga simu wanasema halo, halo, kisha wanakata. Kwaya yao ilipokwenda Mbeya kurekodi, fundi wa studio alisimamisha kazi akauliza kwa nini yule kaka wa mstari wa pili anachezesha mdomo tu. Wenzake waliokuwa wamesimama naye walikuwa wanamsikia. Mashine haikumsikia. Tangu hapo anaandika ujumbe, au anamtuma mkewe apige simu, na amenyamaza kuhusu hilo.

Mwezi uliopita Atupele alikwenda Hasamba kwenye msiba, akamwacha Jenista na baba yake. Mchana Lusubilo alinitumia ujumbe wa sauti, akaniandikia chini yake: msikilize mwanao anavyocheka ninapomwimbia. Alikuwa amesahau, nadhani, kwa furaha. Niliusikiliza kwenye simu. Feni, lori likipanda mlima, mtoto anacheka. Kaka hayupo, kama kawaida.

Sijui ni nini kilinifanya nivae zile hedifoni zake nzuri ambazo alinipa alipouza vyombo. Nilizivaa, nikaongeza sauti. Jenista anacheka. Anatulia, namna mtoto anavyotulia akisikiliza. Pale ambapo baba yake angekuwa anaimba pana kimya. Anacheka tena. Halafu, sekunde ya mwisho kabla haujakatika, karibu kabisa na mtoto, watu wengi wanavuta pumzi kwa pamoja, kama kwaya inavyovuta kabla ya neno la kwanza.

Ujumbe unaishia hapo.